Mama Tupu wa Yadi ya Makontena

Sisi tunawauzia nini?

Jibu sasa hivi, bila kupekua simu. Wenzetu wa ng'ambo, taifa kubwa kama letu, wanatuuzia viatu, mabomba, pasi, kufuli, peni, midoli, vifungo vya shati na hata hivyo vijiti unavyochokolea meno baada ya kula. Na sisi? Unakuna kichwa. Usione haya. Mimi nilisoma uchumi miaka minne, nikavaa joho, nikapigwa picha nimeshika karatasi iliyoviringishwa ambayo ndani haikuwa na kitu, na swali hili sikuweza kulijibu mpaka nilipopata ukarani wa muda kwenye yadi ya makontena ambako shangazi yangu amefanya kazi miaka ishirini na miwili. Siku yangu ya kwanza alinishika mkono, akanipeleka hadi kwenye safu za makontena yanayosubiri treni ya kurudi bandarini, akanielekeza kwa kidevu.

"Haya, msomi. Soma."

Nikasoma. Kila kontena lilikuwa na neno moja ubavuni, limeandikwa kwa chaki nene, herufi kubwa kama za mtu anayegombana: TUPU. TUPU. TUPU. Nikatembea mpaka mwisho wa safu ya kwanza, nikageukia ya pili. TUPU.

"Ndicho tunachowauzia," Shangazi akasema. "Hewa. Na mpaka leo hawajarudisha hata kopo moja kwamba imeoza."

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kontena likishashushwa mzigo mjini hurudi yadini, naye huingia na ufagio, akafagia, akakanyaga sakafu ubao kwa ubao kusikiliza uliolegea. Kisha hufungiwa humo ndani. Ndiyo, hufungiwa. Mwenzake, mzee mkimya ambaye yadi nzima inamwita Komeo, husukuma milango yote miwili na kushusha vyuma, na Shangazi hubaki kwenye giza akizungusha shingo polepole. Anatafuta mwanga. Kontena lililo zima halina mwanga hata kidogo. Lenye tundu dogo kama la sindano jua hulichungulia, naye hujua kwamba hapo ndipo mvua itapita ikalowanishe mali ya watu. Baada ya muda Komeo hugonga mara tatu na kuuliza swali lake, ambalo nadhani ndiyo sentensi pekee anayoitamka siku nzima:

"Unaona mwanga?"

"Sioni kitu," Shangazi hujibu kama hakuna tundu. Komeo hufungua, yeye hutoka akipepesa macho, huandika TUPU, na chini yake huweka alama yake: duara lenye nukta katikati. Neno linaeleza kontena lina nini. Alama ni kiapo chake kwamba yeye mwenyewe aliingia, akafungiwa, akaangalia. Kwenye yale machache yenye mzigo, machache kweli, huandika TAYARI. Maneno hayo mawili ndiyo yanayoendesha yadi, maana mwendesha kreni, kijana mwembamba tunayemwita Kunguru kwa sababu anashinda juu na anapiga kelele, haoni namba za kontena kutoka kibandani kwake. Anaona chaki. TAYARI huliweka kwenye behewa la mbele, TUPU hulipanga nyuma.

Kwa ajili ya neno hilo wakambatiza Mama Tupu. Ni jina baya kwa mwanamke anayejiheshimu. Ukilitamka kwa sauti isiyofaa umeshamvua nguo. Dereva mmoja mgeni wa lori aliwahi kumwita hivyo huku akicheka kupita kiasi. Shangazi akamsubiri amalize.

"Mimi tupu yangu iko kwenye kontena, mwanangu, nimeiandika na kila mtu anaiona. Yako iko kichwani. Hujaandikiwa tu."

Dereva yule sasa huanza kumwamkia akiwa bado hajaingia getini.

Humo ndani ya giza amejifunza mengi kuliko mimi darasani. Kwa pua yake hujua kontena lilileta nini: matairi, vitunguu saumu, dawa ya mbu, viatu vya plastiki. Anajua mwaka ambao vitanda vilianza kuja, mwaka wa milango, na mwaka zilipokuja fimbo za mifagio, akatoka nje akiwa na ufagio wake mkononi anautazama kana kwamba umemsaliti. Mara moja alikuta ukutani, kwa ndani, maandishi ya kalamu ya rangi katika lugha ya ng'ambo. Pengine aliyeyaandika ni mpakiaji wa huko, mtu mwenye mgongo unaouma, naye pia shangazi wa mtu. Hakujua kama ni salamu au ni matusi. Akafikiri kidogo, akaandika chini yake: NA WEWE PIA.

Ukitaka kumjua zaidi, njoo nyumbani. Vyumba viwili na ukumbi, dirisha la ukumbi linatazama barabara, na chini ya dirisha kuna cherehani. Mumewe ni fundi cherehani, na hata mimi niliyelelewa humo namwita Fundi tu. Zamani alikuwa na vyerehani vitatu na wasaidizi wawili, akishona sare za shule. Halafu makontena yakaanza kuleta sare zilizokwisha kushonwa, zimekunjwa, zimetiwa pini na kadi ya shingoni. Sasa Fundi anapunguza suruali. Kule ng'ambo wanakata suruali kwa miguu ya watu ambao hatujawahi kuwaona, na mtu wa hapa akivaa anaikanyaga.

"Wao wanashona," husema Fundi, "mimi nakata mikia."

Mke ana kazi kwa sababu makontena yanakuja. Mume hana kazi kwa sababu makontena yanakuja. Wanalala kitanda kimoja. Nimefundishwa na maprofesa sita, na hakuna hata mmoja aliyenieleza nakisi ya biashara vizuri kama kitanda kile.

Sasa niwaambie habari za Kamati.

Wakubwa wetu walipogundua, baada ya miaka hiyo yote, kwamba tunanunua sana na kuuza kidogo, waliunda Kamati ya Taifa ya Kurekebisha Urari wa Biashara. Urari maana yake ni kile tunachouza kikiwekwa kwenye mizani pamoja na kile tunachonunua. Wajumbe walisafiri ng'ambo mara tatu kwenda kuutafuta huo urari, na kila mara walirudi na masanduku mengi kuliko waliyoondoka nayo. Waliandika ripoti. Ripoti ilichapwa kwenye karatasi ya ng'ambo, ikabanwa kwa pini za ng'ambo, ikazinduliwa chini ya hema la ng'ambo, na mwenyekiti wao akasema kwa kipaza sauti, nadhani mnajua kilikotengenezwa, kwamba umefika wakati wa kupenda vya kwetu. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Mikono angalau ilikuwa yetu.

Lakini ripoti ile, kwa bahati mbaya ya waandishi wake, ilizaa kitu kimoja cha kweli. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo alikubali kuchukua kontena moja la mashati yaliyoshonwa hapa, kwa majaribio. Mafundi kumi na wawili wakachaguliwa. Fundi alikuwa wa nne kwenye orodha. Kwa wiki kumi nyumba yetu ilijaa makola. Makola kitandani, makola juu ya redio, kola moja nililikuta ndani ya sufuria. Fundi alianza kuimba tena, vibaya kama zamani. Aliacha kusema habari za mikia. Sharti la mnunuzi lilikuwa moja: kontena liwe kwenye treni ya Ijumaa, saa nne asubuhi, liwahi meli. Likikosa treni hiyo, ameghairi, na hataki kusikia hadithi. Kama likiwahi na mashati yakampendeza, angeagiza mengine.

Shangazi ndiye aliyelikagua kontena la mashati. La kwanza alilikataa, na la pili, na la tatu. La nne, kuukuu, la rangi ya udongo na kutu mabegani, alifungiwa ndani yake kwa muda mrefu kiasi kwamba Komeo alilazimika kurudia kugonga. Lilikuwa na tundu moja kwenye kona. Akalizibisha kwa mchomeleaji, akaingia tena, akatoka.

"Halina mwanga hata wa kumulikia dhambi," akasema, na mashati yalipokwisha kupakiwa akaandika TAYARI na kuweka alama yake.

Hapo Kamati ingeweza kukaa nyumbani, na kila kitu kingeenda sawa. Lakini kamati ya namna hii haikai nyumbani panapokuwa na kamera. Ilitangazwa sherehe: wageni wa ng'ambo, hotuba, bendera, kontena la kwanza la urari likiinuliwa mbele ya macho ya wote.

Alhamisi mchana Mwenyekiti akaja kukagua matayarisho. Alivaa kofia ngumu nyeupe ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani, na alikuwa akikanyaga kokoto zetu kama mtu anayevuka choo cha watu. Meneja wetu, mwoga wa kuzaliwa, alimfuata akishika mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali. Mwenyekiti akasimama mbele ya safu za makontena. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili.

"Hili neno ni la nini?"

"Ni la kontena, mheshimiwa," akasema Shangazi, aliyekuwa karibu na ufagio wake.

"Naona ni la kontena, mama. Nauliza kwa nini limeandikwa kila mahali."

"Kwa sababu yako hivyo kila mahali."

Meneja akakohoa. Mwenyekiti akamgeukia Shangazi kwa upole ule wa daktari anayekaribia kumchoma mtoto sindano.

"Kesho hapa kuna wageni, mama. Kuna kamera. Unataka taifa zima lionekane..." Akatafuta neno jingine, akalikosa. "Lionekane hivi?"

"Mimi sitaki, mheshimiwa. Lakini kazi ya kuyajaza si yangu. Nyie ndio kamati."

Nilikuwa nyuma yao na daftari langu la ukarani, na nilitamani kumbusu.

"Tatizo letu ni mtazamo," akasema Mwenyekiti, sasa akiwahutubia waliomzunguka. "Kontena lisilo na mzigo ni nini? Ni fursa. Ni kontena lililo tayari kupokea bidhaa zetu. Liko tayari! Futeni hayo, andikeni TAYARI."

"TAYARI tunaiandika kwenye yenye mzigo," akasema Shangazi.

"Sasa mtaandika kwenye yote."

"Na mtu wa kreni atatofautisha vipi?"

"Ataelekezwa."

"Na nani?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama, wewe hasa kazi yako hapa ni nini?"

"Naangalia mwanga."

"Basi uone mwanga!" Akacheka, na wafuasi wake wakacheka baada yake, mmoja mmoja, kwa kufuata vyeo.

Alipokuwa akiondoka macho yake yakatua kwenye kontena la mashati, lililokuwa mbele kabisa karibu na reli. Akakunja uso. Kutu, akasema. Wageni wataona kutu. Lipelekwe nyuma, na mbele pale liwekwe lile la buluu, linapendeza, linafanana na bendera. Kwamba lile la kutu ndilo lenye mashati na lile la buluu halina hata uzi, hilo halikumgusa. Lilikuwa jambo la watu wa chini, kama majina ya watumishi wake. Meneja alisema "ndiyo, mheshimiwa" mara nne. Nilizihesabu, na ndiyo hesabu pekee iliyofanyika sawasawa mchana ule.

Kunguru akalihamishia la kutu safu ya tatu. Saa kumi alikuwa ameshuka na kwenda zake. Mtu mwingine, wa zamu ya jioni, ndiye aliyelileta la buluu mbele. Kunguru hakuliona likiletwa, wala hakuambiwa kwamba mashati hayakuhamishiwa humo.

Shangazi akamfuata Meneja ofisini. Mimi nilikuwa mezani kwangu, pembeni.

"Niruhusu lile la buluu tu niandike tupu. Moja tu. Mume wangu ana mashati humo kwenye la kutu."

"Mama, umemsikia mheshimiwa. Atakayeandika lile neno, kesho asije kazini. Mimi mwenyewe nina watoto."

"Na Kunguru?"

"Nitamwambia mwenyewe asubuhi. Achukue la safu ya tatu, alipitishe mbele ya wageni, basi. Jambo dogo."

"Kama ni dogo liandike."

"Chaki utanirudishia ukimaliza," akasema Meneja, akiangalia dirisha.

Shangazi akatoka. Akafuta TUPU sitini, moja moja, kwa kitambaa chenye maji, akaandika TAYARI sitini. Komeo alimshikia ndoo. Nilipopita kumsaidia niliona kwamba chini ya maneno yale mapya hapakuwa na kitu.

"Alama je, Shangazi?"

"Neno ni lao, nimewaandikia. Alama ni yangu." Akajipangusa mikono kwenye gauni. "Mwenye akili atatafuta alama."

Hapo ndipo alipokosea, na ninasema hivi kwa heshima zote. Duara lile lina upana wa sahani. Kutoka kibandani kwa Kunguru halionekani zaidi ya kifungo kilichoanguka. Miaka ishirini na miwili aliweka kiapo chake akidhani watu wanakisoma, kumbe walikuwa wakisoma neno tu, kwa sababu neno lilikuwa la kweli kila mara.

Jioni nyumbani Fundi alikuwa akipiga pasi koti lake la harusi. Mafundi wote kumi na wawili walialikwa kusimama nyuma ya hema.

"Urari," akasema Fundi, akilirusha koti begani. "Mnajua neno hili naanza kulipenda? Linakaa vizuri mdomoni. Mke wangu, unaona urari huu?" Akajigeuza aonekane kwa nyuma.

"Mshono wa kwapani umefumuka."

"Hiyo ndiyo nakisi."

Shangazi hakucheka. Akamweleza yote, la buluu, la kutu, maneno sitini. Fundi akaweka pasi chini taratibu.

Mimi nikasimama. Nilikuwa na hotuba kifuani, nami nikaitoa yote: kuhusu tabaka linalotawala maneno likashindwa kutawala vitu, kuhusu taifa linalotengeneza kamati tu na kuagiza kila kitu kingine, kuhusu wafanyakazi wa pande zote mbili za bahari wanaochezewa na wale wale. Nikasema nitaandika waraka kwa Meneja usiku huo huo, wenye hoja.

"Baba," Shangazi akaniambia, "ukimaliza kuandika, chumvi imekwisha. Pita dukani."

Niliandika waraka. Kurasa tatu, na tanbihi. Niliupitisha chini ya mlango wa ofisi asubuhi na mapema, nikauona unaingia nusu na kukwama kwenye zulia jipya jekundu lililokuwa limetandikwa kwa ajili ya wageni. Nadhani Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeukanyaga baadaye. Huo ndio mchango wa elimu yangu katika jambo hili, na siutetei.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa ndiyo ninayotaka muione kama nilivyoiona.

Sisi wafanyakazi tulizuiwa nyuma ya kamba. Redio za mkononi zilikusanywa zote, pamoja na simu za waendesha mitambo, zikatiwa kwenye ndoo, zisije zikakoroma wakati wa hotuba. Kunguru alikuwa kibandani kwake juu tangu alfajiri, bila redio, akisubiri bendera ipeperushwe ndipo ainue. Meneja aliyeahidi kumwambia mwenyewe alikuwa akikimbizana na mtu wa viti. Shangazi aliniambia nimpigie Kunguru simu; simu ya Kunguru ikalia kwenye ndoo, pamoja na redio. Shangazi akamkodolea Meneja macho, akamwashiria juu. Meneja akamwashiria atulie.

Saa tatu na nusu. Treni ilikuwa imeshafungwa kichwa, inanguruma. Mwenyekiti alizungumza juu ya enzi mpya, juu ya mizani, juu ya mashati elfu nne yanayokwenda kuwavisha rafiki zetu. Wageni wa ng'ambo, wakiongozwa na mama mmoja mwenye mvi na daftari dogo, walisikiliza kwa adabu. Kisha Mwenyekiti akainua bendera.

Kreni ikashuka juu ya lile la buluu, lenye TAYARI kubwa ubavuni, ikalishika. Kunguru akaipa nguvu ya mzigo, na kontena likaruka juu kama kofia iliyopeperuka, likayumba huku, likayumba kule, na viti vya mbele vyote vikarudi nyuma pamoja na waliovikalia. Kichwa cha Kunguru kikachomoza kibandani. Hakuwa na redio. Alikuwa na mapafu.

"Mama Tupuuu! Hili ni tupuuu!"

Mkalimani akafungua mdomo, akaufunga.

"Ni nguvu za kreni," Mwenyekiti akasema haraka kwenye kipaza sauti. "Ni mtambo mpya."

Yule mama mwenye mvi akasema kitu kwa sauti ya chini. Mkalimani akaeleza kwamba mgeni angependa kuyaona mashati.

Likashushwa. Komeo akaitwa afungue, maana hakuna mwingine aliyejua vyuma vile. Akafungua. Jua liliingia hatua tano au sita kwenye sakafu iliyofagiwa vizuri sana, halafu likakoma, na mbele yake ilikuwa giza.

"Yamepangwa mwisho kabisa," akasema Mwenyekiti. "Kwa usalama wake." Na kwa kuwa kamera zilikuwa zinamtazama na hakuna mtu aliyemsaidia kuamini, akaingia. Tukasikia viatu vyake vikilia juu ya mbao, koh, koh, koh, vikienda mbali.

Komeo ana miaka kumi na tisa kazini. Mtu akiingia kwenye kontena tupu, Komeo hufunga. Sidhani kama alikusudia; uso wake haukuwa na kitu. Alisukuma mlango wa kulia, akasukuma wa kushoto, akashusha vyuma.

Hapo Shangazi akainama, akapita chini ya kamba. Askari wa getini alimwona na akageuka kutazama ndege. Alisimama wazi katikati ya kokoto, akainua mkono wa kulia juu, vidole vitatu, kisha akauelekeza safu ya tatu. Kunguru akaelewa. Kreni ikazunguka juu ya vichwa vya wakubwa, ikalishika la kutu, na safari hii nyaya zikakakamaa, chuma kikaguna, kontena likainuka polepole kama kitu chenye kitu ndani yake. Likatua kwenye behewa la mbele, na behewa zima likazama kidogo kwenye springi zake. Nyuma ya hema Fundi alikaa chini kwenye kokoto, na koti lake la harusi, akafunika uso kwa mikono yake miwili. Saa nne kasoro dakika saba.

Shangazi akarudi kwenye la buluu. Akamnyooshea Meneja kiganja. Meneja akatazama hema, akatazama milango iliyofungwa, akatia mkono mfukoni na kumpa chaki.

Komeo akagonga mara tatu.

"Unaona mwanga?"

Kamera zikasogea. Treni ikapiga honi, mabehewa yakaanza kuvutana, moja baada ya jingine.

"Unaona mwanga?" akauliza tena Komeo, ambaye kwa siku hiyo alikuwa ameshazungumza mara dufu.

Ndipo sauti ikatoka humo ndani, nyembamba, ikigonga chuma upande huu na upande ule:

"Sioni kitu!"

Mkalimani, safari hii, alitafsiri. Shangazi akaifuta TAYARI kwa kiganja chake, akaandika TUPU kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kumwona akiandika, akazungusha duara, na katikati yake akaweka nukta.